Seva na Ngitili: Historia ya Programu Huria na Uangalizi wa Mitandao ya Shule kwa Mtazamo wa Mwadui, Shinyanga

Ikisiri

Insha hii inafuatilia historia ya programu huria katika mitandao ya shule nchini Tanzania, ikitazamwa kutoka Mwadui, wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga. Maelezo yaliyozoeleka huichukulia historia hiyo kuwa ni historia ya bei: shule haina fedha, programu haiuzwi, basi viwili hivyo vikutane. Insha inadai kwamba bei haikuwa kiini cha jambo. Kiini kilikuwa uangalizi, yaani nani anaijua mashine, nani ana ruhusa ya kuifungua, na nani anabaki nayo pale aliyeileta anapoondoka. Hoja inajengwa kwa kulinganisha mji wa mgodi wa Mwadui, kompyuta za serikali kabla ya marufuku ya 1974, na seva za Linux zilizoingia shuleni baada ya mwaka 2000. Mwishoni inapendekezwa kwamba Wasukuma wana taasisi ya zamani, ngitili, inayoeleza vizuri zaidi kile ambacho mitandao ya shule imekikosa.

1.0 Utangulizi

Msafiri anayetoka Shinyanga mjini kwenda Mwanza hupita Maganzo, mji mdogo wa wachuuzi na wachimbaji wadogo. Hapo ndipo njia ya kwenda Mwadui inapochepuka. Ndani ya uzio kuna mgodi ambao umefanya kazi kwa zaidi ya miaka themanini. Nje ya uzio kuna vijiji, mashamba ya pamba na mtama, na shule za kata ambazo baadhi zina chumba kilichoandikwa mlangoni "Maabara ya Kompyuta". Insha hii inahusu kilichomo katika vyumba hivyo, na jinsi kilivyofika hapo.

Istilahi mbili zinahitaji kufafanuliwa mapema. Programu huria, kwa maana inayotumika hapa, ni programu inayompa mtumiaji haki nne: kuitumia kwa lengo lolote, kuchunguza msimbo wake, kuirekebisha, na kuisambaza ikiwa ya asili au iliyorekebishwa. Msimamizi wa mfumo ni mtu mwenye dhamana ya kuhakikisha seva na mtandao vinafanya kazi kila siku: anafungua akaunti za watumiaji, anahifadhi nakala za kazi zao, anasasisha programu, anaziba mianya ya usalama, na anajua la kufanya umeme unapokatika katikati ya somo. Maandishi mengi kuhusu TEHAMA mashuleni yanashughulika na istilahi ya kwanza. Insha hii inashughulika zaidi na ya pili.

Mtafiti alifundisha katika shule moja ya sekondari wilayani Kishapu kabla ya kujiunga na masomo ya uzamivu. Sehemu ya tano ya insha inatokana na aliyoyaona huko, na ndiyo iliyozaa swali la utafiti.

2.0 Mwadui: Ujuzi Ndani ya Uzio

Mwaka 1940 John Thoburn Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui. Mwamba unaobeba almasi hiyo una eneo la takribani hekta 146 juu ya ardhi, na ni miongoni mwa miamba mikubwa kuliko yote ya aina yake iliyowahi kuchimbwa. Mwaka 1947 ilipatikana hapo almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, ambayo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza katika harusi yake. Dunia inaijua Mwadui kwa jiwe hilo. Kwa mwanahistoria wa teknolojia, kitu cha kutazama ni karakana, mtambo wa umeme na bwawa la maji.

Williamson hakujenga shimo la almasi peke yake, alijenga mji. Mwadui ilikuwa na umeme wake, maji yake, hospitali, shule, maduka na uwanja wa ndege, katika eneo ambalo vijiji vilivyolizunguka havikuwa na hata kimoja kati ya hivyo kwa kiwango hicho. Uzio uliwekwa kwa ajili ya kulinda almasi, lakini ulizungushia pia ujuzi. Fundi wa umeme na fundi wa pampu walikuwa watu wa mgodi, na ujuzi wao ulikuwa mali ya mwajiri.

Umiliki ulibadilika mara kadhaa. Williamson alifariki mwaka 1958, na mwaka huohuo mgodi ukanunuliwa kwa ubia wa De Beers na serikali ya Tanganyika. Katika miaka ya sabini ukawa chini ya serikali. De Beers ilirudi mwaka 1994 ikiwa na asilimia 75 ya hisa, na mwaka 2009 hisa hizo zikachukuliwa na Petra Diamonds. Ujuzi wa kuendesha mitambo unapofungamana na mwajiri, kila badiliko la namna hiyo huwa pia ni badiliko la nani anajua nini.

Hata hivyo, haki itendeke katika kuusoma mfano huu. Uzio ulifungia ujuzi, lakini ulihakikisha kwamba kila mtambo una mwenyewe. Jenereta ilipozima usiku, kulikuwa na mtu anayelipwa kuamka. Jambo hili litahitajika baadaye katika hoja.

3.0 Kompyuta ya 1965 na Marufuku ya 1974

Serikali ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, aina ya ICT 1500 kutoka Uingereza, iliyofungwa katika Wizara ya Fedha kwa ajili ya hesabu za serikali. Mashine za wakati huo zilijaza chumba kizima, zilihitaji hewa iliyopozwa, na ziliendeshwa na wataalamu wachache ambao wengi wao walikuwa wageni. Utegemezi huo ulikuwa na gharama. Mfumo wa hesabu ulipoingia matatani mwanzoni mwa miaka ya sabini, taifa halikuwa na watu wake wa kutosha waliojua ndani mwa mashine kuna nini.

Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini. Marufuku hiyo mara nyingi husimuliwa kama kichekesho cha enzi za ujamaa. Usomaji huo ni mwepesi mno. Nchi ilikuwa katika uhaba wa fedha za kigeni, na kompyuta zilionekana kuzimeza bila kurejesha kitu. Zaidi ya hayo, serikali ilikuwa imejifunza kwa hasara kwamba mashine usiyoweza kuitunza si mali yako, hata kama umeilipia. Tatizo lilitambuliwa sawasawa. Dawa iliyochaguliwa, ya kuikataa mashine badala ya kumwandaa mtunzaji, ndiyo iliyokuwa na kasoro, kwa kuwa ilichelewesha kizazi kizima cha wataalamu.

Marufuku ililegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya themanini na kutoweka katika ulegezaji wa uchumi wa miaka ya tisini. Somo la kompyuta likaingia katika shule chache za sekondari mwishoni mwa muongo huo, na Sera ya Taifa ya TEHAMA ikatolewa mwaka 2003. Mwaka 2007 ikafuata sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi na sekondari. Shule za Shinyanga, ambazo nyingi hazikuwa na umeme, zilizipokea sera hizo kama habari za mbali.

4.0 Programu Huria Yafika

Wakati Tanzania iko katika marufuku, jambo jingine lilikuwa likianza Marekani. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akikusudia kuandika mfumo endeshi ambao kila mtu angeweza kuusoma na kuurekebisha. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitoa kiini cha mfumo kilichokuja kuitwa Linux. Kwa kuunganisha vitu hivyo viwili, ikawezekana kuendesha seva kamili bila leseni ya kununuliwa.

Kwa shule, hatua muhimu ilikuwa mwaka 1999, ulipoanza mradi wa LTSP. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza. Kompyuta kuukuu isiyo na diski huwashwa, huomba anwani kupitia waya wa mtandao, hupokea kiini cha mfumo kutoka seva, kisha huonesha kwenye kioo chake kazi ambayo kwa kweli inafanyika ndani ya seva. Chumba chenye kompyuta ishirini zilizotupwa na ofisi za Ulaya kinaweza kutunzwa kwa kutunza mashine moja tu. Upande wa pili wa faida hiyo ni kwamba seva ikizima, zote ishirini zimezima. Mpangilio huu haupunguzi hitaji la msimamizi. Unalikusanya mahali pamoja.

Nchi zilizoelewa hilo zilifika mbali zaidi. Nchini Norway, mradi wa Skolelinux ulianza mwaka 2001 ukiwa na lengo la kuzipa shule mfumo mzima pamoja na utaratibu wa kuusimamia. Nchini Namibia, shirika la SchoolNet lililoanza mwaka 2000 lilitumia Linux, likawafunza vijana waliomaliza shule kufunga na kutunza mitandao hiyo. Linalovuta macho katika mfano wa Namibia ni vijana hao kuliko programu yenyewe.

Tanzania ilichangia jambo lake la pekee, nalo lilikuwa lugha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46, kiliendesha mradi wa Kilinux wa kuziweka programu huria katika Kiswahili. Desemba mwaka huo ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kutafsiri, lakini pia ya kuamua: kila amri ilihitaji neno moja ambalo mwalimu wa Kishapu na karani wa Tanga wangelielewa sawasawa. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Hapakuwa na haja ya kumwomba mwenye mali ruhusa. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza mpango wake wa kuziweka programu zake katika Kiswahili.

Mafanikio hayo yalikumbana na mgongano ambao haujapewa uzito unaostahili. Lugha ya kufundishia sekondari, ambako kompyuta zilikuwapo, ilikuwa Kiingereza. Shule za msingi, zilikofundisha kwa Kiswahili, nyingi hazikuwa na kompyuta. Aidha, kilichotafsiriwa kilikuwa uso wa programu, wala si maarifa ya kuisimamia. Mwalimu aliweza kuandika barua kwa menyu za Kiswahili, lakini hakuwa na pa kusoma kwa Kiswahili namna ya kurejesha nenosiri la seva lililopotea.

Katika Kanda ya Ziwa, majaribio kadhaa yalifanyika. Sengerema, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, ilipata kituo cha mawasiliano cha jamii mwanzoni mwa miaka ya 2000. Bunda na Serengeti ziliingia katika mradi wa majaribio wa mawasiliano vijijini ulioratibiwa na COSTECH kwa kushirikiana na Taasisi ya Kifalme ya Teknolojia ya Stockholm. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na intaneti ikaanza kutoka katika utumwa wa setilaiti. Wakati huohuo ukanda wa dhahabu ulikuwa umekua: mgodi wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na Bulyanhulu na Buzwagi ikafuata upande wa Kahama. Migodi ilianza kujenga madarasa na kutoa vifaa. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yaliutaka kila mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii kwa makubaliano na mamlaka ya serikali za mitaa. Mipango ya aina hiyo huhesabu vitu vinavyohesabika: madawati, matundu ya vyoo, kompyuta. Mtunzaji wa kompyuta ni vigumu kumhesabu, na ni vigumu zaidi kumkata utepe.

5.0 Chumba cha Kompyuta

Shule aliyofundisha mtafiti ilikuwa na kompyuta kumi na nane na seva moja ya Linux, vilivyofungwa na mfanyakazi wa kujitolea aliyekaa mwaka mmoja. Kwa mwaka huo chumba kilifanya kazi. Wanafunzi walikuwa na akaunti zao, na seva ilibeba kamusi na makala za ensaiklopidia ambazo zilisomeka bila intaneti. Mfanyakazi huyo alipoondoka, aliacha nenosiri la msimamizi kwa mwalimu mmoja. Mwalimu akahamishwa mkoa mwingine. Daftari lake liliondoka pamoja na vitu vyake.

Miezi michache baadaye umeme ulikatika ghafla wakati wa mvua za kwanza. Seva iliporudi ilisimama kwenye kioo cheusi ikidai nenosiri ili irekebishe faili zake. Hakuna aliyelijua. Kompyuta zote kumi na nane, kwa kuwa hazikuwa na diski, zilibaki vioo vitupu. Zilifunikwa kwa vitambaa kwa sababu ya vumbi, na chumba kikawa stoo ya vitabu. Vidato viwili vilihitimu katika muda huo. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alimuuliza mtafiti kama seva imekufa. Mtafiti alimjibu kwamba imekufa.

Jibu hilo halikuwa kweli, na ndilo chanzo cha insha hii. Miaka mitatu baadaye, akiwa masomoni Dar es Salaam, mtafiti alijifunza kwamba mtu aliyesimama mbele ya seva ya Linux anaweza, wakati inapowaka, kubadilisha mstari mmoja wa maelekezo ya uwashaji, akaingia bila nenosiri, na kuweka jipya. Kazi hiyo huchukua takribani dakika kumi. Haihitaji leseni, wala intaneti, wala simu kwa mtaalamu. Uhuru ambao Stallman aliutangaza mwaka 1983 ulikuwamo ndani ya chumba kile muda wote, chini ya kitambaa. Hapakuwa na mtu wa kuutumia.

Tukio hili linasaidia kupima hoja ya bei. Wapo wanaosema programu huria ilishindwa mashuleni kwa sababu walimu walizoea Windows. Wengine husema ilistahili kushinda kwa sababu ni bure. Pande zote mbili zinasahau hali halisi ya soko. Katika mitaa ya Shinyanga, Windows isiyo na leseni ilipatikana kwa bei ya santuri tupu na soda. Kwa mwalimu mkuu, hapakuwa na tofauti ya bei ya kuzingatia. Shule ile hatimaye ilipata kompyuta nyingine, zikawekewa nakala kama hizo, na katika muhula mmoja zikajaa virusi vilivyoletwa na flashi za wanafunzi. Nazo zikafunikwa vitambaa. Mifumo miwili yenye falsafa zinazopingana iliishia katika hali moja, kwa kuwa yote miwili ilikosa mtu yuleyule.

6.0 Ngitili: Wazi na Yenye Mlinzi

Tumeona mifano miwili iliyokinzana. Mwadui ilikuwa na mtunzaji kwa kila mtambo, lakini ujuzi ulifungwa ndani ya uzio. Seva ya shule ilikuwa na ujuzi ulio wazi kabisa, lakini haikuwa na mtunzaji. Swali ni kama kuna mfano wa tatu. Usukuma unao, na si wa kuagiza kutoka nje.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika na kufunguliwa kiangazi, nyasi za nje zinapokwisha. Laweza kuwa la kaya au la kijiji. Katika karne ya ishirini miti ya Shinyanga ilifyekwa kwa ajili ya kupambana na mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, na uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa katika miaka ya sabini ukazivunja ngitili nyingi kwa kuwatenga watu na maeneo waliyoyatunza. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mpango huo ulifanikiwa pale ulipoacha kutegemea miche ya vitalu pekee na kuirudisha ngitili, ambayo wananchi walikwishaijua. Zaidi ya hekta 300,000 zilirejeshewa uoto.

Kwa hoja yetu, yafaa kuangalia jinsi ngitili inavyofanya kazi. Ni mali inayowanufaisha wengi, lakini si mali isiyo na mwenyewe. Mipaka yake inajulikana. Siku ya kufungua inajulikana. Mlinzi anajulikana, na akiondoka mwingine hutajwa. Anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati hupelekwa mbele ya dagashida, baraza la jamii, na kutozwa faini. Kanuni hizi hazikuandikwa katika daftari la mtu mmoja anayeweza kuhamishwa. Zimo vichwani mwa kijiji kizima. Ndiyo maana zilivumilia miaka ya kuvunjwa na kuweza kurudi.

Programu huria ni malisho ya pamoja kwa maana hiyohiyo. Wale walioiandika Helsinki na Boston wana mabaraza yao, kanuni zao na walinzi wao. Hawakuwahi kuiacha bila mwenyewe. Kilichofika Kishapu kilikuwa nyasi bila ngitili.

7.0 Hitimisho

Insha imeonesha kwamba kutoka kompyuta ya 1965 hadi seva ya shule ya kata, tatizo lililojirudia si umaskini wa vifaa wala bei ya leseni. Mwaka 1974 serikali iliona kwamba mashine isiyo na mtunzaji wa nyumbani ni hasara, ikaifungia nje. Miongo mitatu baadaye mashine ziliruhusiwa kuingia, lakini mtunzaji akasahaulika tena.

Matokeo ya kiutendaji ya hoja hii ni ya kawaida na hayahitaji fedha nyingi. Nenosiri la seva litunzwe na ofisi, katika bahasha iliyofungwa, na lijulikane kwa watu wasiopungua wawili. Uhamisho wa mwalimu wa kompyuta ukabidhiwe kwa maandishi kama unavyokabidhiwa uhamisho wa mhasibu. Wanafunzi wa kila kidato wafunzwe kuisimamia seva, ili wanaohitimu wawaachie wanaobaki. Miongozo ya usimamizi iandikwe kwa Kiswahili, kukamilisha kazi ambayo Kilinux iliianza upande wa menyu. Na pale mgodi na halmashauri wanapokubaliana juu ya kompyuta ngapi zitatolewa, wakubaliane katika kikao hichohicho nani atazitunza, na nani baada yake.

Mtafiti alirudi Kishapu likizo iliyopita na kwenda shuleni. Seva ile ilikuwa bado stoo, nyuma ya marobota ya vitabu. Ilipowashwa, iliwaka. Wanafunzi wawili wa kidato cha pili walisimama kando wakati mstari ule mmoja unabadilishwa, kisha ikazimwa, na wao wenyewe wakarudia kazi yote tangu mwanzo bila kuelekezwa.